Igizo la Saa ya Uji

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama bado wanavaa sare za shule, siku ya wazazi ilifika katika shule ya Bonde la Migunga. Waliokuwapo ni hawa: Mwalimu Korongo mwenye miguu mirefu, Mama Nyati, amejifunga kitenge kipya, Mama Digidigi, amekaa nyuma kabisa, wazazi wengine tele, na watoto wa darasa moja, Nyati, Digidigi, Kobe, wenzao, na Pimbi, yule mdogo kuliko sufuria ya uji.

Lakini ngojeni niwaambie yaliyotangulia, maana msipoyajua mtachanganyikiwa kama walivyochanganyikiwa wao.

Shuleni pale kila mtoto alikuja na kuni na kidumu cha maji, ili upikwe uji wa mtama. Digidigi alikuja na vidumu viwili, chake na cha Nyati. Saa ya uji ikifika, Mwalimu Korongo huenda ofisini kunywa wake, na Nyati hunguruma:

"Wee Njiti! Leta kikombe!"

Alimwita Njiti kwa sababu ya miguu yake myembamba. Digidigi humpa kikombe. Nyati hunywa, gugu-gugu-gugu! Kisha humvuta mkia, na darasa zima hucheka, kwa kwa kwa!

Kobe tu ndiye hakucheka. Yeye husogeza kikombe chake taratibu, akamwachia Digidigi nusu, wala hasemi neno.

Siku moja Digidigi alijikaza, akaenda ofisini.

"Mwalimu, Nyati ananinyang'anya uji."

"Aa, Digidigi! Mnataniana tu. Mimi sipendi wachongezi."

Nyati alipopata habari, akapiga kwato chini, puu! "Ukisema tena nitakukanyaga! Na mwingine yeyote atakayesema!"

Basi jioni, njiani kurudi nyumbani, Digidigi alimwambia Pimbi, "Rafiki yangu, mimi shule siji tena. Nitamwambia mama tumbo linaniuma."

Pimbi akajikuna shingo. Naye alikuwa akicheka pamoja na wengine, na sasa hakujua alikuwa akicheka nini.

"Njoo mpaka siku ya wazazi tu," akasema.

"Utamwambia mwalimu?"

"Thubutu! Nikanyagwe? Mimi sitasema neno. Atasema mwenyewe."

"Nani?"

"Nyati."

Digidigi akamtazama, akatazama chini, akamtazama tena. Hakuelewa kitu. Lakini siku hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwambia njoo, basi akaja.

Asubuhi Pimbi alimfuata Nyati. "Kaka Nyati! Darasa letu limepewa igizo. Tunatafuta mfalme."

"Mfalme nani kama si mimi? Ila kukariri maneno siwezi."

"Ukariri ya nini? Fanya vilevile unavyofanya saa ya uji. Kila siku tunakutazama sisi peke yetu. Mama yako hajapata kuona!"

Pua za Nyati zikatanuka. "Bila kupunguza?"

"Ukipunguza utaliharibu."

Kisha Pimbi akapita kwa wenzake, akinong'ona, "Siku hiyo asicheke mtu."

"Kwa nini?"

"Msicheke tu."

Wakakubali, ingawa hawakujua wamekubali nini.

Haya, sasa tumefika siku yenyewe. Mwalimu Korongo aligonga mdomo wake, ka-ka-ka, wazazi wakanyamaza. Nyati akapanda jukwaani, kifua mbele. Nyuma yake Digidigi, na vidumu viwili.

"Wee Njiti! Leta kikombe!"

Wazazi wakacheka. "Ah, huyu mtoto anajua kuigiza!"

Nyati akanywa uji, gugu-gugu-gugu! Akamvuta Digidigi mkia. Mama Nyati akapiga makofi, "Huyo mwanangu! Huyo!"

"Ukimwambia mwalimu nitakukanyaga!" Nyati akanguruma. Kisha, kwa raha ya makofi, akawageukia watu. "Na huyo mwalimu alishaambiwa, akasema sisi tunataniana! Ha!"

Wazazi wakaanza kutazamana. Je, wacheke? Wasicheke? Makofi ya Mama Nyati yakapungua, pa... pa... yakakatika. Nyuma kabisa, Mama Digidigi akasimama.

"Mwanangu," akasema polepole, "ndiyo maana unarudi na njaa?"

Digidigi akainama. Chozi lilidondoka, nalo halikuwa la kuigiza.

Nyati akawatazama wanafunzi. "Mbona hamcheki? Chekeni basi!"

Hakuna aliyecheka.

Ndipo Kobe alipotoka mahali pake na kikombe chake cha uji. Mnajua mwendo wa Kobe. Kra... kra... kra... Watu wote wakamngoja. Akafika, akakiweka kikombe mbele ya Digidigi, akakaa hapohapo kando yake. Pimbi akaenda naye akakaa. Halafu darasa zima.

Nyati akabaki amesimama peke yake, pembe zake kubwa hajui azielekeze wapi.

"Lakini... lakini walikuwa wanacheka kila siku," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Nilidhani wanapenda."

"Tulicheka kwa woga," akasema Pimbi. "Hata mimi."

Mwalimu Korongo alisimama kwa mguu mmoja, akabadilisha, akasimama kwa mwingine. "Pimbi, hili ni igizo au si igizo?"

"Mimi pia sijui, Mwalimu. Ni mambo ya kila siku. Ila leo umetazama."

Mwalimu hakushika fimbo. Aliinama mpaka mdomo wake ukakaribia masikio ya Digidigi. "Uliniambia, nami nikakuita mchongezi. Nisamehe, mwanangu. Kuomba msaada si kuchongea."

Kisha akamgeukia Nyati. "Nawe njoo, uniambie yote tangu mwanzo. Mama yako akae hapa asikie."

Mama Nyati alikuwa ameshika ncha ya kitenge chake, macho chini. Mama Digidigi akasogea kwenye benchi, akampisha akae.

Nyati alipokwisha kusema yote, akachukua upawa. Uji ulimwagika kidogo, lakini alikijaza kikombe cha Digidigi mpaka juu.

Hivyo, wanangu, kumbukeni: anayecheka mwenzake akionewa, amemwongezea nguvu mwonevu.

Tangu siku ile Mwalimu Korongo hunywa uji wake uwanjani, kati ya watoto. Na kesho yake asubuhi Digidigi alikuja shule, amebeba kidumu kimoja.