Nyumba ya Dama Kabla ya Mvua

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti zimelala? Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Hapo zamani za kale, enzi za babu wa babu zetu, palikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na bibi mmoja, Bi Mbodze. Mwembamba, mkavu, mkali kidogo. Watu walimwogopa, tena walimpenda. Mimi sikumwona, lakini nampenda.

Siku moja moto ulishika nyumba ya Dama. Wuuu! Yakabaki majivu. Dama alikuwa mjane mwenye mimba pevu, na mawingu ya masika yalikwisha kukusanyika. Alilala kwenye ghala la jirani, paa linavuja. Asipopata nyumba kabla ya mvua, atajifungulia matopeni.

Watu wakaitana ujima. Sasa, kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Nyimbo za ujenzi zilimsifu mwezekaji peke yake, yule anayekaa juu ya paa. Basi kila mtu alikuja na makuti. Makuti, makuti, makuti, rundo hadi kiunoni. Nguzo hakuna. Fito hakuna. Kamba zenyewe kavu, ukivuta, ta! Imekatika. Ukivuta nyingine, ta! Wakaanza kulaumiana, na jua likapanda bila shimo hata moja kuchimbwa.

Bi Mbodze akaja na mkongojo wake, ko, ko, ko. Hakumkemea mtu. Aliuliza tu.

"Mvua ikianguka, mnataka Dama awe wapi?"

"Ndani, bibi."

"Juu yake pana nini?"

"Makuti."

"Makuti yanakaa juu ya nini?"

"Fito."

"Na fito?"

"Juu ya nguzo."

"Na vyote vinashikwa na nini?"

Wakatazama kamba zilizokatika.

Bibi akaipanga kazi kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Wanawake wakapeleka miyaa, majani ya kusokotea kamba, mtoni kuilowesha siku ile ile, maana kamba ya miyaa mikavu haifungi kitu. Wengine wakachimba mashimo. Kalume, kijana mwenye mabavu, akapewa kukata nguzo mwituni. Kisha bibi akaimba kwa sauti yake ya kukwaruza, akiwasifu waloweshaji wa miyaa. Watu walicheka. Lakini kesho yake waliotaka kulowesha walikuwa wengi mno, ikabidi awapunguze.

Kila jioni kila mmoja alipita uani kwa bibi kumweleza kazi ilipofika. Kalume alisema inakwenda. Kesho yake akasema vivyo hivyo. Bi Mbodze akashika mkongojo, ko, ko, ko, mpaka mwituni. Miti imesimama kama ilivyoota. Kalume amekaa chini, mpini wa shoka lake umevunjika, aibu imemjaa.

"Mpini kuvunjika si kosa lako," bibi alimwambia. "Kosa ni kuniambia inakwenda. Ningejua juzi, leo ungekuwa na shoka."

Mbali, mbingu zikanguruma. Gu-du-du-du. Bibi akawatoa wachimbaji, wakaenda mwituni na mashoka. Kisha akaamua jambo lililowauma wengi. Nyumba ilipangwa iwe na vyumba viwili na baraza. Akafuta baraza, akafuta na chumba kimoja. Mafundi walinuna, wakasema vijiji jirani vitawacheka.

"Na wacheke," akawajibu. "Dama atazaa kwenye chumba kimoja."

Wakasimamisha nguzo, pu, pu, pu. Wakafunga fito kwa kamba laini. Wakaezeka. Kuti la mwisho limefungwa, mwezekaji hajateremka, mvua ikafika. Shwaaa! Wote walilowa chapachapa, wamesimama nje. Ndani walikuwa Dama na mkunga tu, na uchungu ulikwisha kumshika.

Wakangoja. Mvua ikapiga, wakangoja. Kisha wakasikia, ngaa, ngaa! Mkunga akachungulia mlangoni. Hakusema ni wa kiume wala wa kike. Alisema, "Chini ni pakavu."

Bi Mbodze, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilia, alilia mbele za watu.

Basi wanangu, mkiwa na kazi, iwe ya harusi, ya shamba au ya kujenga, jiulizeni kwanza mnataka iishie wapi, kisha rudini nyuma hatua kwa hatua. Kitu kikikwama, semeni mapema. Na muda ukiwabana, shikeni lile ambalo mtu hawezi kulikosa, mengine yasubiri.

Hadithi yangu imefika kikomo chake, naitua hapa.