Mbega Aliyetaka Kumpakata Mjukuu Akiwa Mweupe

— Jamani, nina hadithi mlangoni!

— Ivue viatu, ipite!

— Imetoka mbali, imechoka!

— Tumeitandikia mkeka!

Basi sogeeni. Na wewe unayetafuna mahindi huko nyuma, tafuna polepole, maana hadithi hii inahusu tumbo.

Hapo kale, kale ya mbali, wakati wanyama wa msituni walikuwa bado wanapika na kupakuliana, alikuwepo mbega mmoja jike, jina lake Bi Namsifu. Alikuwa mjane, na alikuwa na binti mmoja tu, Nakijwa.

Kazi ya Bi Namsifu ilikuwa kulea wazazi. Mnyama yeyote akijifungua, awe kima, awe paa, awe pimbi, anaitwa Bi Namsifu. Anakaa na mzazi siku arobaini. Anamkanda kwa maji ya moto, anamwogesha mtoto, anapika uji wa pilipili manga, anapika mtori, anapika supu. Mikono yake ilikuwa laini na maneno yake ya kutuliza. Walimpenda sana.

Sasa, msitu ule ulikuwa na desturi yake. Chakula kikiepuliwa, bakuli la kwanza ni la mlezi. Anakula yeye mbele ya watu, analimaliza, ndipo mzazi anapewa. Mlezi akibakiza, wenye nyumba wananuna. Wanasema ametudharau huyu. Bi Namsifu hakupenda kumnunisha mtu. Akala asubuhi, akala mchana, akala jioni. Na mabaki ya mzazi akayala pia, kwa sababu aliona vibaya kumwaga. Akitoka nyumba hii, anaitwa nyumba ile. Siku arobaini hapa, siku arobaini pale. Kukaa na kula, kula na kukaa.

Mwili ukaja. Haukuja kwa siku moja. Ulikuja kijiko kwa kijiko, na mwenyewe hakuuona.

Wala msimcheke! Unene wa mtu si aibu yake. Tatizo la Bi Namsifu lilikuwa korongo.

Nakijwa aliolewa ng'ambo ya korongo. Korongo lile halikuwa na njia ya kulizunguka, na chini yake ulipita mto wenye mamba. Njia ilikuwa moja tu: mvule wa upande huu na mkuyu wa upande ule. Mbega anakimbia juu ya tawi la mvule, anaruka, anadaka tawi la mkuyu. Na kwa desturi ya mbega, aliyeolewa haruki korongo kurudi kwao; wa kwao ndio wanaomfuata. Siku ya harusi Bi Namsifu alimwambia binti yake, "Tangulia, mwanangu. Nikitoka kwa Mama Pimbi nakuja."

Alipotoka kwa Mama Pimbi, akaitwa kwa Mama Paa. Alipotoka kwa Mama Paa, akaitwa kwa Mama Kima. Masika yakapita mara mbili, hajavuka.

Kila asubuhi Nakijwa alikaa kwenye mkuyu akaimba:

Nimefagia, waja lini?
Nimetandika, waja lini?
Mama ee, waja lini?

Na Bi Namsifu akiwa upande huu, chini ya mvule, akajibu:

Naja, mwanangu, naja,
Leo siyo, ila naja.

Asubuhi moja Nakijwa hakuimba. Aliita kwa sauti kubwa, "Mama! Nina mimba! Umewalea wa watu wote, njoo unilee na mimi!"

Bi Namsifu alicheka, akalia, akacheka tena. Labda nyie hammjui mbega. Mtoto wa mbega huzaliwa mweupe pe pe pe, kama pamba. Akifikisha miezi mitatu, minne, weupe unakwisha, anakuwa mweusi kama wakubwa wake, na manyoya meupe yanabaki mabegani na mkiani tu. Weupe ule ukishaondoka haurudi. Bibi yeyote wa kimbega hutamani ampakate mjukuu akiwa bado mweupe, na Bi Namsifu alitamani hivyo kuliko kitu chochote duniani.

Akapanda mvule. Alipumzika mara tatu kabla ya kufika juu. Akatembea kwenye tawi. Tawi likainama, likalia kwaa! Akatazama chini, akaona mamba wanamtazama. Akarudi kinyumenyume amelikumbatia tawi.

"Mama, kulikoni?" Nakijwa akauliza.

"Upepo, mwanangu. Nitakuja ukitulia."

Hapakuwa na upepo. Hata jani moja halikutikisika.

Bi Namsifu akasema moyoni, mwili huu utapungua, tena utapungua haraka. Na hapo ndipo alipojisumbua.

Kwanza akafunga chakula. Siku ya kwanza hakula. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu akaona miti inazunguka. Siku ya nne akala mabakuli matano, akalala na sufuria pembeni. Mwili ukabaki pale pale.

Pili akaenda kwa Nguchiro, muuza dawa. Nguchiro alisifia dawa yake mpaka mate yakamtoka. "Kunywa kikombe kimoja, shangazi, kesho utapepea!" Bi Namsifu akanywa. Kesho yake hakupepea, alikimbia vichakani kutwa nzima. Alidhoofu wiki moja, wiki ya pili mwili ukarudi na ndugu zake.

Tatu akachukua kamba ya mtambaazi, akajifunga tumboni, akaikaza, akaikaza. Kweli alionekana mwembamba. Akapanda mvule hivyo hivyo, lakini kabla hajafika nusu pumzi ikamwisha, akaporomoka mpaka kwenye majani makavu. Akakaa pale chini, kamba imemkata ngozi, akalia kwa uchungu wote aliokuwa nao.

Alikuwa bado analia aliposikia kelele ng'ambo. Vigelegele. Akainua macho. Kwenye mkuyu, kifuani kwa Nakijwa, aliona kidoa kimoja cheupe.

"Mama! Ni wa kiume! Anaitwa Mkwizu!"

Bi Namsifu akanyoosha mkono juu ya korongo, kana kwamba mkono ungefika. Binti yake mwenyewe alikuwa mzazi kule, analelewa na wifi. Uji alipikiwa na wifi. Mtoto alioshwa na wifi. Na yeye, mlezi wa msitu mzima, amekaa huku anatazama.

Sasa, ndani ya mvule ule kulikuwa na tundu, na ndani ya tundu aliishi Mama Hondo, mke wa Hondohondo. Mnajua ndege hawa walivyo. Mke akitaka kutaga anaingia tunduni, mlango unazibwa kwa udongo, unabaki ufa mdogo tu. Mume ndiye anayeleta chakula, anamlisha kwa mdomo miezi na miezi. Asubuhi hiyo Mama Hondo alibomoa udongo akatoka. Alikuwa mnene kama mtungi! Akajirusha hatua mbili, akatua puu! Akajirusha tena, puu!

Bi Namsifu akafuta machozi. "Unafanya nini, Mama Hondo?"

"Naenda kwenye lile tawi."

"Tawi lenyewe si hili hapa?"

"Ndilo hilo hapa. Leo linanishinda. Kesho nitajaribu tena, na keshokutwa tena. Mimi nimekaa kitako miezi mitatu, dada, siwezi kuruka kama aliyekuwa anaruka."

"Na chakula?"

"Mume wangu ameleta tini kumi kama alivyozoea. Nimekula nne, nikamwambia sita awape watoto. Amenuna." Mama Hondo akajikung'uta vumbi. "Atanyamaza."

Bi Namsifu akafikiri. Halafu akafungua ile kamba tumboni, akaitupa korongoni.

Siku ile alitembea kutoka mvuleni mpaka kwenye jiwe la kwanza, akarudi, basi. Kesho yake akaenda tena. Siku ya tatu akaenda tena. Wiki ya pili alifika jiwe la pili. Wiki ya tatu akaanza kupanda shina na kushuka, mara moja, halafu mara mbili. Akaanza kuruka kutoka kichaka kifupi mpaka kichaka kifupi. Mvua ikinyesha alikwenda. Jua likichoma alikwenda asubuhi mapema. Mama Hondo naye alikuwa juu yake, tawi kwa tawi, wanatukanana kwa mapenzi.

Lakini kutembea kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa bakuli.

Aliitwa kwa Mama Kima, ambaye bintiye alikuwa amejifungua. Chakula kikaepuliwa, bakuli la kwanza likaja limejaa mpaka mdomoni. Bi Namsifu akasema, "Mama Kima, nipunguzie. Nipe nusu, na mboga uniongezee."

Nyumba nzima ikageuka kumtazama.

"Nusu?" Mama Kima akasema. "Bi Namsifu, tumekukosea nini? Au umetuona wachawi?"

"Hamjanikosea kitu. Chakula chenu ni kitamu, ndiyo maana naogopa. Nina mjukuu ng'ambo ya korongo, sijawahi kumshika. Kila bakuli ninalolimaliza kwa aibu linanibakiza huku. Nionee huruma, Mama Kima, nipe nusu."

Mama Kima alinung'unika, akapunguza. Alinung'unika siku tatu. Siku ya nne alipakua nusu bila kuambiwa.

Msidhani hakuteleza. Kulikuwa na harusi ya paa, akala pilau sahani tatu, akaona aibu, akakaa siku mbili ndani. Mama Hondo akaja mlangoni, akagonga kwa mdomo.

"Nimeharibu kila kitu," Bi Namsifu akasema.

"Umeharibu juzi. Leo haijaharibika bado. Toka nje."

Akatoka.

Na siku zote hizo alikuwa anatazama ng'ambo. Mwezi wa kwanza, Mkwizu alikuwa mweupe. Mwezi wa pili, mweupe, lakini uso umekuwa mweusi. Mwezi wa tatu, kijivu. Bi Namsifu alihesabu weupe ule unavyokwisha, akapanda, akashuka, akaruka, na usingizini akajiona amempakata. Nakijwa alikuwa bado anaimba:

Nimefagia, waja lini?
Nimetandika, waja lini?
Mama ee, waja lini?

Na Bi Namsifu akajibu yale yale: naja, mwanangu, naja.

Mwezi wa nne ulipokwisha, alipanda mvule bila kupumzika hata mara moja. Hakuwa mwembamba kama siku za usichana wake, la. Lakini miguu ilikuwa na nguvu na pumzi ilikuwa inatosha. Akatembea kwenye tawi. Tawi likainama, halikulia. Akarudi nyuma, akakimbia, akaruka!

Jamani, alifika? (Semeni!)

— Alifika!

Alifika. Alidaka tawi la mkuyu kwa mikono miwili, akaning'inia, akajivuta juu. Nakijwa alimrukia shingoni, wakalia wote wawili. Halafu Bi Namsifu akageuka kumtafuta mjukuu.

Mkwizu alikuwa mweusi. Mweusi kabisa, manyoya meupe mabegani, mkubwa, anajishika mwenyewe kwenye tawi. Bi Namsifu akanyoosha mikono. Mtoto akapiga yowe, akajificha nyuma ya mama yake. Hakumjua huyu ni nani.

"Nimechelewa," Bi Namsifu akasema.

"Umechelewa, mama," Nakijwa akasema, maana hakuwa mtu wa kudanganya. "Nilikungoja sana."

Iliuma. Weupe aliouota miezi yote ile ulikuwa umeondoka, na hakuna mruko wa kuurudisha. Alikaa mpaka alasiri, akapika mboga na binti yake, akala kiasi, akaruka kurudi. Njia nzima ya kwenda nyumbani alilia.

Wengine wangeishia hapo. Bi Namsifu alikuwa ameshajifunza kitu kimoja, nacho ni kuamka na kwenda tena. Kesho yake akavuka. Mkwizu akalia. Keshokutwa akavuka. Mkwizu akamkazia macho. Siku ya tatu akavuka, mtoto akamgusa mkia, akakimbia. Wiki zikapita, mwezi ukapita, Bi Namsifu anaruka kwenda, anaruka kurudi, na miguu ikazidi kuwa myepesi bila yeye kuifikiria.

Asubuhi moja mvua kubwa ilinyesha, matawi yakateleza, akashindwa kutoka mapema. Alifika mvuleni mchana, manyunyu bado yanaanguka. Akatazama ng'ambo.

Mkwizu alikuwa amekaa peke yake mwishoni kabisa mwa tawi la mkuyu, amelowa chapa, macho upande huu.

"Amekataa kushuka tangu asubuhi!" Nakijwa alipaza sauti kutoka chini ya majani. "Nimemwita, nimempa chakula, hataki!"

Mtoto alipomwona bibi yake juu ya mvule alisimama, akanyoosha mikono yote miwili juu ya korongo.

Bi Namsifu alirudi nyuma hatua tano, akakimbia, akaruka.

Funzo ndilo hili, jamani. Mwili unapungua kama ulivyoongezeka: siku kwa siku, kijiko kwa kijiko. Hausikii njaa ya siku tatu, wala dawa ya Nguchiro, wala kamba. Sema inatosha ukiwa umetosheka, hata wenye nyumba wakinuna. Inuka utembee leo, hata mpaka jiwe la kwanza tu. Na anza mapema, kwa sababu kuna vitu vinavyopita wakati wewe bado unasema nitakuja. Ukiwa umechelewa, nenda hivyo hivyo.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Palipo patamu gawaneni. Palipo pachungu niachieni mimi mtambaji.

— Tumegawana, mtambaji, na bado kumebaki!