Kalibu ya Zamaradi

"Nirudishie kalibu yangu, Bi Mgeni! Leo hii!"

"Kalibu yako? Si ulinichongea mwenyewe siku ya harusi yangu? Zawadi hairudi, Mzee Semkiwa, hata mtoto mdogo anajua."

"Na mtoto mdogo hamtakii mwenzake msiba!"

Basi hapo ndipo ulipozaliwa ule msemo mnaouliza, wajukuu zangu, mlionisikia nikiusema nilipowataka msogee mkekani: kalibu iliyojaa haitoi kileja. Methali hii ilianza hivyo, kwa kelele, siku moja kabla ya Idi, hapa hapa Ngamiani. Mimi nilikuwa dirishani. Si umbea. Dirisha langu ndilo linaloangalia uani kwao, ningefanyaje?

Bi Mgeni alikuwa mpika vileja. Unga wa mchele, samli, iliki. Anaukandamiza kwenye kalibu ya mti, anaigonga, kileja kinadondoka kina ua mgongoni. Kalibu yenyewe aliichonga Mzee Semkiwa, seremala wa nyumba ya pili, mtengeneza vitanda na majeneza.

Binti yake Bi Mgeni, Zamaradi, alikuwa hodari wa kompyuta. Alimtengenezea mama yake ukurasa mtandaoni: jina juu, picha katikati, namba ya simu, na mwisho maneno aliyoyatamka mama mwenyewe: "Ahsanteni. Karibuni tena, mje na familia nzima!" Ukurasa ukapendeza, na majirani nao wakautaka. Zamaradi akaona kuanza upya kila mara ni kujichosha bure. Akaufanya ule wa mama kuwa kiolezo: anabadilisha jina, picha na simu, ukurasa mpya tayari. Sisi neno kiolezo hatukulijua, tukaiita kalibu ya Zamaradi. Fundi cherehani akapata ukurasa wake, kinyozi akapata wake. Karibuni tena, mje na familia nzima. Nani angelalamika?

Halafu ikafika zamu ya Mzee Semkiwa.

"Amenipigia mfiwa," mzee alikuwa akifoka pale uani. "Nimetengeneza jeneza la baba yake juzi tu. Ananiuliza, 'Mzee, tuje tena na familia nzima? Unataka tuishe ukoo mzima?' Jina langu limekwisha mjini! Watu watasema Semkiwa anaomba wenzake wafe!"

Bi Mgeni akajitahidi asicheke, lakini mabega yakamsaliti. Mzee akayaona. Akageuka, akaenda zake, akafunga mlango, na mlango ule haukuwa wa kufungwa mchana.

Kicheko kikamkauka Bi Mgeni. Mzee yule alikuwa mjane, na tangu mkewe afariki alikuwa akila Idi kwao. Idi bila Semkiwa ingekuwa Idi gani?

Zamaradi alikuwa jikoni anasaidia vileja, macho mekundu. Anagonga kalibu, kileja hakitoki. Anagonga tena, wapi!

"Mama, imeharibika."

"Haijaharibika, imejaa. Unga wa mwanzo umegandia ndani. Kwangua kwanza, ndio utie mwingine."

Zamaradi akaanza kukwangua. Mara mkono ukasimama.

"Mama! Na mimi ya kwangu sikuikwangua!"

Akanawa mikono, akakimbilia kompyuta. Akayafuta maneno yote ya mama yake kwenye kile kiolezo, akabakiza umbo tu: mahali pa jina, mahali pa picha, na mahali patupu pa mwenyewe kusema lake. Kisha akaenda kupiga hodi kwa seremala.

"Nani?"

"Mimi, Mzee. Nimekuletea nafasi."

"Nafasi ya nini tena?"

"Ya maneno yako. Nilikupachika ya mama. Nisamehe. Wewe watu wako ungewaambiaje?"

Mlango ukafunguka kidogo, na mzee akatamka polepole, Zamaradi akiandika: "Poleni sana. Tukikutana tena, Mungu ajalie iwe kwa kitanda cha harusi."

Yule mfiwa alipousoma ukurasa huo, akapiga simu tena. Safari hii alishukuru, akaomba radhi kwa ukali wake.

Siku ya Idi nyumba ya Bi Mgeni ilifurika hata mkeka hauonekani kwa magoti. Mzee Semkiwa akaja, akasimama mlangoni, kofia mkononi, bado ana haya ya kelele zake.

"Naona pamejaa," akasema. "Nitapita baadaye."

Bi Mgeni akainua upawa wa pilau, akatutazama sote tuliojibwaga pale kama wenye nyumba.

"Baadaye ya nani? Hebu nyie, kunjeni miguu, sogeeni! Kalibu iliyojaa haitoi kileja. Mzee Semkiwa, vua viatu, ingia tule."