Bibi Aliyenyweshwa Maji

"Mti uliobonyea haukwanguliwi, hunyweshwa." Mmeisikia leo uwanjani, enyi njuka, wageni wa bweni la Kipengere, na mmeuliza ilitoka wapi. Swali jema. Kaeni vizuri, acheni kutafuna, kwa maana nasimulia historia, si umbea. Asili yake ni hii.

Shule yetu ina bunduki moja ya zamani ya jeshi. Imetolewa matumbo yote ya kufyatulia. Haiwezi kuua hata kunguni wa humu bwenini, na Mungu anajua tunavyohitaji msaada huo. Lakini kitako chake ni cha mti mwekundu uliong'arishwa na viganja vya vizazi, nasi humwita Bibi. Bweni linaloshinda gwaride hukaa na Bibi mwaka mzima, kisha mwenzao mmoja humbeba mbele ya shule siku ya mahafali. Sharti ni moja. Kabla ya mahafali, Afande Kihwelo, askari mstaafu anayetufunza gwaride, humpapasa Bibi. Akikuta shimo, au mti umepungua, Bibi anahamia bweni la Uporoto.

Mwaka ule mbebaji alikuwa Ambakisye, mwembamba kama ufagio. Siku ya kuamkia ukaguzi alikuwa akimrusha Bibi na kumdaka, jambo ambalo hakuna aliyemwagiza. Bibi akamponyoka, akaangukia ukingo wa ngazi ya saruji. Kitako kikabonyea, shimo la kutosha kulaza harage.

Lwitiko, kiranja wetu, alishika kichwa. "Umetuuza, Amba! Uporoto watatuimba mpaka tuzeeke!"

"Leteni msasa," mwingine akasema. "Tukwangue pembeni, shimo lifutike."

"Ukikwangua, mti unapungua," Ambakisye akasema kwa sauti ndogo.

"Wewe nyamaza!" Lwitiko akamkatiza. "Kubeba Bibi kwako kumekwisha."

Tukajaribu kwanza tiba yetu ya maradhi yote: dawa ya viatu. Tukaijaza shimoni, tukasugua, ikapendeza. Tukamtoa Bibi nje tumtazame vizuri. Jua likapiga, dawa ikayeyuka, ikachuruzika kama kamasi.

Hapo Ambakisye akatuita kwenye meza ya kupigia pasi. Meza hiyo ndiyo tuliyogongea makufuli kila funguo zilipopotea.

"Tazameni," akasema. "Huku pembeni mashimo tele. Hapa katikati, tunaponyoosha suruali mbichi, hakuna hata moja. Na makufuli tuligongea kote."

"Kwa hiyo unataka kumpiga Bibi pasi?" Lwitiko akauliza.

"Nataka anywe kwanza, kaka."

Akapangusa dawa, akatandaza kitambaa kilicholowa juu ya shimo, akagusa kwa pasi ya mkaa. Mvuke ukapanda. Akainua, akalowesha tena, akagusa tena, taratibu, kama mtu anayemkanda mgonjwa. Sisi ambao hata kwenye sala huchekeshana, tukainamia meza kutazama. Nyuzi za mti zilizolala zikavimba, zikainuka. Shimo likawa kovu, kovu likawa kivuli, kivuli nacho kikaondoka.

Kesho yake Afande alipapasa. Kiganja kikasimama pale pale.

"Hapa paliumia."

Uporoto wakaanza kupiga miluzi. Ambakisye akatoka mstarini. "Ndiyo, afande. Aliniponyoka mimi."

"Mkakwangua?"

"Hapana, afande. Tulimnywesha."

Afande akapapasa tena, polepole, kwenda na kurudi. "Mti wote upo," akasema. "Tena umesimama vizuri. Bibi abaki Kipengere."

Ndugu zangu, tulipiga kelele hadi wapishi wakatoka na miiko. Lakini Lwitiko hakupiga kelele. Alimchukua Bibi kwa Afande, akamwendea Ambakisye mbele ya watu wote, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Kiranja," mmoja wetu akamchokoza, "ndiyo umemsamehe?"

Lwitiko akajibu kwa sauti ya gwaride, uwanja mzima ukasikia: "Jana nilikuwa namkwangua Amba. Mti uliobonyea haukwanguliwi, hunyweshwa!"