Mchi Uliosikika Kaburini

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni kwa nguvu. Hii si ngano ya kubembelezea watoto. Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, katika nchi ambayo jina lake silitaji, mvua ilikataa. Mwaka wa kwanza ikakataa. Wa pili ikakataa. Wa tatu watu wakala ndiga, mizizi ya porini yenye sumu, inayolowekwa siku saba ndipo iliwe. Walioshindwa kungoja walikula siku ya tano, wakazikwa ya sita. Vinu vyote vilipinduliwa kifudifudi, maana hapakuwa na nafaka ya kutwanga.

Kila Ijumaa Jumbe Kinyogoli alisimama uwanjani, akasema, "Vumilieni, wanangu. Njaa yenu ndiyo njaa yangu."

Watu wakavumilia.

Katika kijiji hicho aliishi Mzee Mwinjaka, mtunza mbegu. Desturi yao ilikuwa hivi: kila nyumba ilitoa masuke yake bora ya mtama, yakawekwa kwenye dari la mtunza mbegu, juu ya meko, ili moshi uyakinge na wadudu. Na mwiko ulikuwa mmoja: mbegu haipikwi. Hata mtu akifa, haipikwi.

Mwaka wa pili wa njaa, Jumbe alimjia. "Mzee wangu, mizimu inadai tambiko la mvua. Nipe nusu ya mbegu."

Mwinjaka aliona shaka. Lakini Jumbe ni Jumbe. Akapanda ngazi, akashusha vikapu vitatu kwa mikono yake mwenyewe.

Mwaka wa tatu mkewe, Mwanakheri, alilala chini ya dari hilohilo, mbavu zote nje.

"Mume wangu, konzi moja tu. Nikoroge uji."

"Mbegu haipikwi, Mwanakheri."

"Najua. Njaa ndiyo iliyoomba, si mimi."

Siku ya pili akafa.

Makaburi yalikuwa nyuma ya ua wa Jumbe. Watu wakachimba. Mwinjaka akashuka mwenyewe kuchonga mwanandani, ule ubavu wa kaburi anamolazwa maiti. Akapiga magoti. Akatulia.

Du! Du! Du!

"Shundi," alimwita jirani yake aliyekuwa juu, "acha kuchimba."

"Sichimbi, mzee. Nimekaa."

Du! Du! Du!

Akaweka sikio kwenye udongo. Michi miwili ilikuwa ikipokezana, mmoja ukipanda, mwingine ukishuka. Miaka sabini aliusikia mlio huo kila siku ya Mungu; asingeukosea. Mtu alikuwa akitwanga, na mlio ulitoka upande wa ua wa Jumbe.

Hakulia. Alimzika mkewe kwa taratibu zote, akafukia, akanyunyiza maji. Kisha akalitwaa jembe, akaenda. Waliokuja kuzika wakamfuata.

"Jumbe ana homa," mlinzi alisema.

"Basi nimekuja kumjulia hali."

Akampita. Uani palikuwa na shimo refu lililozungushiwa mikeka. Ndani ya shimo, kinu. Kando ya kinu, wanawake wawili wametota jasho. Na ukingoni, vikapu vitatu: viwili vitupu, cha tatu nusu. Mwinjaka alivitambua. Mwanakheri ndiye aliyevisuka.

Jumbe akatoka akijifuta midomo. "Mzee wangu, tuongee kiutu uzima. Kiongozi akidhoofika, nchi itasimama na nani?"

"Mwanakheri alidhoofika. Hukuja kumuuliza hilo."

"Pole kwa msiba, mzee."

"Pole yako inanuka mtama."

Hapo watu wakalipuka. Wengine wakamkaba Jumbe, wengine wakakirukia kikapu. "Auawe! Tugawane! Tule leo!"

Mwinjaka akakikingia kikapu jembe. "Atakayeipika mbegu hii ni Kinyogoli wa pili!"

"Wanangu wanakufa, mzee!" mama mmoja alilia.

"Na mke wangu nimetoka kumfukia! Nilimnyima konzi moja, na huyu nilimpa vikapu vitatu. Kosa hilo ni langu, nitakufa nalo. Unga ulio kinuni umeshasagika, haurudi kuwa mbegu. Huo wapikieni watoto, sasa hivi, uwanjani. Kilichomo kikapuni, na kilichobaki darini kwangu, tutakipanda."

"Katika vumbi?"

"Katika vumbi."

Kinyogoli hawakumuua. Walimvua kilemba, wakamtanguliza shambani kuchimba mashimo. Alikula ndiga kama wenzake, na alijifunza kungoja siku ya saba.

Mvua ilikuja siku ya kumi na tisa baada ya kupanda, haba, kama mtu anayeona haya. Mtama ukaota, si wote, lakini wa kutosha. Watu wakamwendea Mwinjaka kutaka shauri la Jumbe mpya.

"Chagueni mnayemtaka," aliwaambia. "Ila mjengeeni nyumba isiyo na ua."

"Kwa nini usiwe wewe, mzee?"

"Aliyestahili nimemzika."

Akainama, akaendelea kupalilia.

Basi shikeni hili, enyi mlionisikiliza: anayewaambia watu wavumilie, kwanza tumuone anavyokonda. Ngano yangu naitua hapo. Atakayeibeba, asiipunguze.