Maji ya Moto ya Mzee Ngwali

Paukwa!

Pakawa!

Kijiji kilikuwako, ndugu zangu, zamani sana, huko mlimani, na kijiji kizima kilikuwa na gobore moja tu. Gobore ni bunduki ya kushindilia mdomoni. Unatia baruti, unatia kitambaa, unatia risasi, unasukuma kwa mdeki, ule ufito wake wa chuma. Likilia, tuu! nguruwe wa bondeni wanahama.

Mwenye gobore aliitwa Chande. Jioni moja alipiga nguruwe shambani, akarudi nyumbani anatetemeka. Homa haikumwacha. Akafariki, Mungu amrehemu.

Mama yake, Bi Asumini, akalitundika gobore ukutani, juu ya kitanda. Akasema, "Lisiguswe. Lisioshwe." Kila alfajiri, akishaswali, alisogeza pua kwenye mdomo wa mtutu. Mlikuwa na harufu ya masizi, masizi ya mlio wa mwisho wa mwanawe. Alinusa, akamwombea, akaenda kuwasha moto. Hakumwambia mtu.

Mahindi yakaanza kubeba. Nguruwe wakarudi. Krau, krau, krau! Asubuhi watu wanakuta mabua yamelala. Leo kwa huyu, kesho kwa yule. Njaa ikaonekana inakuja.

Kibwana, mdogo wake Chande, akamwendea mama yake.

"Mama, nipe gobore. Kwa shangazi hawakubakiza hata hindi la kuchoma."

Bi Asumini akalitungua ukutani. Akasema, "Chukua. Ila usilioshe."

"Nani aoshe? Nguruwe hawaji kunusa mtutu."

Kibwana akatoka na gobore begani, pembe ya baruti kiunoni. Mlangoni akamkuta Mzee Ngwali. Mzee huyu ndiye aliyemfundisha Chande kupiga, na mwendo wake ulikuwa wa polepole, na maneno yake polepole vilevile.

"Weka chini, mjukuu wangu."

"Babu, jua linazama!"

"Na lizame. Kesho litachomoza. Mkono wako ukikatika hauchomozi."

Mzee akalishika gobore, akaelekeza mdomo wake juu, mbali na watu. Akainua nyundo yake. Chini ya nyundo palikuwa na fataki, kile kikofia kidogo cha kuwashia baruti. Akaitoa, akaitia mfukoni.

"Asumini mwanangu, nani anatundika gobore tupu na fataki yake?"

"Alipiga, baba. Sote tulisikia."

"Alipiga. Kisha akashindilia tena, awasubiri wengine. Homa ikamkuta hapo."

Bi Asumini akakumbuka. Alimpokea gobore yeye mwenyewe, siku ile, mlangoni pale pale. Hakulitazama. Alimtazama mtoto.

Mzee akatumbukiza mdeki mtutuni. Kwichi, kwichi, ukakwama. Nusu ikabaki nje.

"Risasi hukaa chini kabisa," akasema. "Hiki kilichokwama katikati ni kitu kingine. Na wewe, Kibwana, ulitaka kushindilia juu ya yote haya. Mtutu ungekupasukia mkononi."

Kibwana akaifungua pembe ya baruti kiunoni, akaiweka chini.

"Asumini, bandika maji."

"Toa kilichomo, baba. Usioshe."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo aliposema. Akasema mbele ya mtoto wake na mbele ya mzee, huku ameshika upindo wa kanga. "Mle ndimo alimobaki. Ukiosha, unamfuta."

Mzee Ngwali hakucheka. Akakaa kizingitini.

"Chande alipofariki, tulimwosha?"

"Mlimwosha."

"Maji yalikuwa ya vuguvugu?"

"Niliyachemsha mimi."

"Ulisema tunamfuta?"

Bi Asumini akauachia upindo wa kanga. Akaingia jikoni. Akabandika maji.

Kwanza mzee akachokoa kwa kijiti kirefu. Kikatoka udongo, mkavu, mapande kwa mapande. Dondola, yule nyigu wa udongo, alikuwa amejenga nyumba yake mtutuni, huko ndani asikoona mtu. Kisha mzee akasema:

"Mimina."

Bi Asumini akamimina. Baruti ya zamani ikalowa, ikafa. Mzee akafunga ndoana ya chuma kwenye mdeki, akavuta risasi pamoja na kitambaa chake. Ikaanguka uani, ti!

"Mimina."

Akamimina. Shwaa! Maji meusi.

"Mimina."

Akamimina. Shwaa! Maji meusi.

Alikuwa akimimina na machozi yakimtoka. "Mimina." Shwaa! Maji ya kijivu. "Mimina." Shwaa! Maji meupe.

Mzee akapitisha kitambaa kikavu, kwichi, kwichi, mpaka kikatoka kisafi. Akapitisha kingine chenye mafuta ya ufuta. Akamwonyesha Kibwana mahali ambapo kutu ilikuwa imeanza kula chuma.

"Masizi yanavuta unyevu. Unyevu unaleta kutu. Mwezi mwingine, na gobore hili lingekuwa la kuchochea moto. Mama yako angekuwa hana Chande, na hana cha Chande."

Kibwana akashindilia upya, akashuka bondeni.

Bi Asumini akabaki uani. Akasikia krau, krau. Kisha, tuu! Kisha kimya. Kimya hicho kilikuwa kirefu kwake kuliko kwa mtu yeyote kijijini. Mtoto mmoja alishatoka na gobore lile akarudi kufa.

Kibwana akarudi anapiga mluzi, mikono yake yote miwili mizima.

"Wamekimbia, mama! Wameruka mto! Nitaliosha kesho, nimechoka."

"Utaliosha sasa," mama akasema. Akaipua chungu. Maji yalikuwa yamekwisha chemka.

Mpaka leo, kijijini kule, maji ya kuoshea bunduki huitwa maji ya Ngwali, na mwenye nyumba akirudi kutoka porini huyakuta motoni.

Ndugu zangu, aliyekufa tumwombee, naye yuko kwa Mola wake. Vitu alivyoacha tuvitunze, vipate kuwalinda waliobaki.

Hadithi yangu naitua hapa.