Mkono Uchomao Nao Uchomwe

Mkono uchomao nao uchomwe. Mmemsikia matroni akimwambia daktari mgeni maneno hayo, mkacheka, na sasa mnaniuliza yametoka wapi. Haya, sogeeni wanangu. Yalizaliwa hapa hapa hospitalini, na aliyeyasababisha ni Bwana Gama, muuguzi wa chumba cha sindano.

Gama alikuwa na mkono mwepesi, acheni tu. Mtoto anachomwa huku anachekelea. Basi ilipoletwa chanjo ya homa ya ini kwa wafanyakazi wote, kazi akapewa yeye. Akatuchanja wauguzi, wafagizi, hata wapishi. Mama Kikoti, dobi wetu, alipotokwa na machozi, Gama alimcheka wiki nzima. Nani angemkanya? Yeye Mngoni, mama wa watu Mhehe, watani wa tangu enzi za mababu.

Yeye mwenyewe je? Kila akiulizwa, leo ana mafua, kesho ana haraka. Wengine tukadhani mchanjaji hahitaji chanjo, kama mpishi anavyodhaniwa kushiba kwa harufu. Kumbe mwenzetu alikuwa anaogopa sindano!

Asubuhi moja alimtoa mgonjwa damu, kisha akataka kuirudishia sindano kifuniko chake. Tulishakatazwa kufanya hivyo, lakini mazoea yana taabu. Ikamchoma kidole. Majibu ya yule mgonjwa yakatoka: ana homa ya ini.

Gama alinywea kabisa. Mkewe alikuwa na mimba, ya kwanza baada ya kungoja miaka mingi. Ilibidi Gama achanjwe siku ileile, naye amesimama mlangoni, jasho linamtiririka, kiti hataki hata kukitazama. Daktari akambembeleza, nami nikambembeleza. Wapi!

Ndipo akaingia Mama Kikoti, povu la sabuni mikononi. Mtani hana simile.

“Gama, umetuchoma wote humu,” akamwambia. “Mkono uchomao nao uchomwe.”

“Naogopa, Mama Kikoti.”

“Ogopa, lakini ogopa umekaa. Mwanao anamtaka baba mzima.”

Akakaa. Nilimchoma mimi, naye kamng'ang'ania mtani wake mpaka shati likalowa sabuni.

Miezi ya kungoja vipimo ilikuwa michungu. Alilala sebuleni, akihofia kumwambukiza mkewe, na kicheko chake tukakikosa. Nilimhurumia sana. Lakini dozi zote alimaliza, hakukwepa hata moja. Kipimo cha mwisho kilipoonyesha damu ni salama, alitoka maabara mbio hadi kwa dobi, akamkumbatia Mama Kikoti mbele ya kadamnasi, nasi tukapiga vigelegele.

Mtoto alizaliwa mzima, wa kike, na jina mnalikisia: wakampa la dobi.

Sasa nyinyi mliokuwa mnacheka, si mnaanza kazi wodini kesho? Haya, kunjeni mikono ya mashati. Mkono uchomao nao uchomwe.